Gari la Baba Halijafa, Wewe Ndiye Uliyelala

Inuka.

Usiniulize tunakwenda wapi. Unapajua. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mparachichi, pale kuku wanapotagia. Pikapu ya baba yako ipo pale: Land Cruiser HJ47 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, bodi ndefu, injini ya dizeli 2H ya silinda 6. Imekaa juu ya mawe. Majani makavu ya mgomba yamefunika boneti, na kwenye kiti cha dereva kuna mtetea anaatamia.

Injini yake inawaka. Umekiri mwenyewe: ukiazima betri kwa jirani, inawaka. Chasisi ni nzima. Difu ni nzima. Kilichoiangusha ni gia boksi tu. Gia ya pili inaruka, ya tatu inakwaruza, mafuta yamevuja mpaka nyasi chini yake zimekataa kuota.

Kwa sababu ya gia boksi moja umelaza gari zima.

Na kwa sababu ya gari moja umejilaza na wewe.

Mpaka lini?

Kila Desemba ukoo unapanda kuja nyumbani Kilimanjaro. Magari yanatoka Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi; barabara ya Himo haipitiki; mbuzi wanachinjwa, mbege inamiminwa. Kaka zako wanaizunguka ile pikapu na vikombe mkononi, wanaigonga bodi kwa vidole. "Aisee, hii mashine ya mzee ilikuwa haina mchezo." Wanapiga picha nayo. Januari ikishika tarehe 2 wanashuka mjini, wanakuacha kihambani, kwenye shamba la ukoo, wewe kitinda mimba, wewe mlinzi wa nyumba ya wazazi. Unabaki na pikapu, na ahadi kwamba mwaka huu utaishughulikia.

Mwaka gani huo?

Ndizi zako zinakwendaje Kiboriloni? Kwa gari la mtu. Mbolea inapandaje? Kwa gari la mtu. Kahawa, mbao, saruji, jeneza la shangazi: gari la mtu, gari la mtu, gari la mtu. Unalipa nauli ya kila mkungu huku una pikapu ya lita 4 nyuma ya nyumba, inalelea vifaranga. Huoni aibu? Mimi naona, na gari si langu.

Sikuambii ununue gari jipya. Sikuambii ukakope. Nakuambia ing'oe ile gia boksi ya gia 4, uweke ya gia 5.

Ndiyo. Wewe.

Gia boksi yenyewe ina jina: H55F. Iandike kiganjani. Novemba 1984 Toyota walipoleta Land Cruiser za 70 kuchukua nafasi ya za 40, kama hiyo yako, pikapu ya HJ75 ilikuja na injini ile ile ya 2H unayoilaza wewe, na nyuma ya injini hiyo ikafungwa H55F. Unaelewa maana yake? Maana yake kiwanda chenyewe kimeshaioanisha injini yako na gia boksi unayoitafuta. Huanzishi jambo lisilojulikana. Unafanya kazi ambayo Wajapani walishaikubali kabla wewe hujazaliwa.

Tena ngoja nikuchome kidogo. Marekani, Land Cruiser za 40 hazikuuzwa kamwe na gia 5. Wenye magari hayo huko wanaagiza H55F kutoka ng'ambo, wanalipa meli, wanalipa ushuru, kisha wanashinda gereji mwishoni mwa wiki kuifunga kwa mikono yao, kwa raha tu, ili gari lao la kutembelea lisipige kelele barabarani. Wewe una mikungu ya kubeba. Wewe una mlima. Na gia boksi hiyo imekuwa ikitembea chini ya magari ya utalii na ya miradi Arusha miaka yote hii, umbali wa kama kilomita 80 tu kutoka Moshi mjini. Nani anaihitaji zaidi?

Sasa nisikilize kwa hesabu, maana hamasa bila hesabu ni kelele za stendi.

Gia boksi za gia 4 za zama zile zilikuja kwa uwiano wa aina mbili. Kuna ambayo gia yake ya kwanza ni 3.555, na kuna ya 4.925. H55F ina 4.843. Kama ya baba yako ni ile ya 3.555, basi kwa kubadilisha tu unaongeza zaidi ya asilimia 36 ya nguvu ya kusukuma magurudumu kwenye gia ya kwanza. Injini ile ile. Dizeli ile ile. Hujui yako ni ipi? Ikishatoka nje, iweke gia ya kwanza, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, na uhesabu mpaka shafti ya kutokea imalize mzunguko mmoja. Ukifika mizunguko mitatu na nusu, ni ile ya 3.555. Ukikaribia mitano, ni ile ya 4.925. Hakuna kompyuta hapo. Kuna vidole vyako na kichwa chako, na vyote unavyo.

Upande wa juu, gia ya tano ya H55F ni 0.845. Injini iliyokuwa inazunguka mara 2,400 kwa dakika ukiwa gia ya nne, kwa mwendo ule ule itazunguka kama mara 2,030. Kwenye tambarare ya Himo hadi Moshi, Boma Ng'ombe hadi Arusha, hiyo ni dizeli inayobaki tangini na injini isiyolia.

Lakini gia ya tano ni ya kujivunia ukiwa barabara kuu. Mkate wako uko kwenye gia za chini. Moshi mjini hapafiki mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu lipo karibu mita 1,900. Injini isiyo na tabo, kama hiyo 2H yako, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Yaani gari linachoka zaidi kadiri mlima unavyozidi kulidai. Huwezi kuongeza hewa Kilimanjaro. Unachoweza ni kuipa injini gia inayoifaa.

Na kushuka je?

Hapa nataka utulie, maana hapa ndipo watu wanakufa. Pikapu imejaa ndizi, barabara imelowa, mteremko hauishi. Kuna madereva wanaweka frii eti wanaokoa dizeli. Dizeli gani? Gari likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa umeachia mafuta, pampu ya injini kama hiyo karibu haipeleki kitu. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini ndiyo inayoyashika magurudumu. Ukiweka frii umefukuza msaidizi wako mkubwa, umeziachia breki peke yake mzigo wote. Zikipata moto, zinalegea. Na gia inayoruka je? Hiyo ni frii usiyoichagua. Inakuja yenyewe, katikati ya kona, mtoto akiwa anavuka na ndoo.

Kwa hiyo usiniambie gia boksi mbovu "inavumilika". Haivumiliki! Ama uiondoe, ama uliache gari juu ya mawe hadi mwisho wa dunia. Katikati hapana.

Haya, leta visingizio. Vilete vyote, navijua.

"Sina hela." Nani amekuambia uwe nazo zote leo? Ng'oa kwanza. Kung'oa ni jasho, na jasho halikopwi. Gia boksi ya zamani ikitoka, gia zake nzima zina mtu anayezitafuta, transfa yake ina mtu, na hata kasha lake lililopasuka lina bei kwa muuza chuma chakavu. Halafu Desemba ijayo mbuzi mmoja apungue. Ndiyo, mmoja! Ukoo hautakufa njaa.

"Kadi ya gari ipo kwa kaka." Basi mpigie kaka. Mpigie sasa hivi, mpe shikamoo yake vizuri, mwambie: kaka, nataka kuifufua pikapu ya mzee, naomba baraka yako, na kama una chochote, nichangie gia boksi. Umewahi kumwambia hivyo? Hujawahi. Umekaa miaka unamsubiri akuulize. Kaka yako yupo kwenye foleni ya Mbagala, hana habari na propela yako.

"Mimi si fundi." Na nani alizaliwa fundi? Hapo Moshi kuna VETA, wanafundisha umekanika. Kuna SIDO. Kuna mafundi wa mtaani waliokwisha funga na kufungua gia boksi mpaka wanaitambua beringi iliyokufa kwa kusikiliza tu. Mlipe mmoja kwa sehemu ngumu, lakini usimwachie gari ukaenda kunywa soda. Lala naye chini. Shika tochi. Uliza kila bolti inafanya nini. Kazi ya kwanza utakuwa saidia fundi; ya pili wao ndio watakuuliza wewe.

"Hii ni gari ya kizamani." Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover, mamia kwa mamia, nyingine za umri wa babu yako, zikaja kwa injini zake na gia zake. Nani alizifufua? Malaika?

"Sisi huku hatuna utaalamu." Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko vyote, na kinaniudhi zaidi kikitoka kwenye mdomo wa mtu wa mlima huu. Mfongo, ule mfereji wa maji unaopita pembeni mwa kihamba chenu, ulichimbwa na nani? Wazungu walipofika hapa karne ya 19 waliikuta mifongo inatiririka tayari, imechotwa kwenye mito iliyo ndani ya makorongo, imepitishwa kwenye kuta za milima kilomita baada ya kilomita, na maji yakifika shambani bila kusukumwa na mashine yoyote. Mwinamo ukizidi, maji yanakula udongo na mfereji unabomoka. Ukipungua, maji yanalala njiani. Walipima kwa jicho. Walichimba kwa jembe. Waliwekeana zamu za maji na zamu za kusafisha, na asiyekuja kazini alitozwa. Mwaka 1925 wajukuu wa watu hao walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wao, KNCU. Hukuletewa ukoo wa watu wasiojua kupima.

Wewe unashindwa kupima propela?

Sikiliza basi, maana hapo ndipo kazi hii inapowashinda wavivu. Kuifunga H55F kwenye injini si tatizo. Tatizo ni kwamba gia boksi ya gia 5 ni ndefu kuliko ya gia 4, kwa hiyo transfa inarudi nyuma. Propela ya nyuma inakuwa ndefu mno. Ya mbele inakuwa fupi. Wengi wakifika hapo wanakata tamaa, wanarudisha majani ya mgomba juu ya boneti.

Wewe usikate tamaa. Kata chuma.

Ila pima kwanza, na upime kwa akili. Gari likiwa juu ya mawe, ekseli zinaning'inia na vipimo vyako vyote ni uongo. Lishushe likae kwa magurudumu yake, uzito ulalie springi, ndipo upime kutoka uso wa flanji hadi uso wa flanji. Andika. Pima tena. Kisha zipeleke propela kwa mkerezaji mwenye mashine ya kukereza, azikate, achomelee, azisawazishe. Mwambie masikio ya krosi ya huku na ya kule yakae mstari mmoja, maana yakipishana gari litatetemeka na krosi utakuwa unanunua kila mara. Akikuambia "itakwenda tu hivyo hivyo", chukua propela zako uondoke. Utaondoka na adabu, lakini utaondoka.

Na unaponunua, nunua seti nzima: nyumba ya klachi, gia boksi, transfa, nyenzo zake zote. Muuzaji atataka kukuuzia vipande. Kataa. Meno ya shafti hayafanani kwa kila aina, na klachi pleti yako ya zamani inaweza isiingie. Yahesabu meno, usikisie. Mwaga mafuta ya gia boksi mbele yake na upitishe sumaku. Vumbi laini la chuma ni uzee wa kawaida. Vipande vyenye pembe ni meno yaliyovunjika. Tikisa shafti juu chini, kisha chomeka gia zote moja baada ya nyingine ukizungusha kwa mkono. Atakutazama kwa kejeli. Mwache atazame. Hela ni yako.

Gari likiwa limefunguliwa, badilisha klachi, beringi ya kuachia klachi, ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, na oili sili ya nyuma ya injini. Zote. Ukiacha kimoja ili kuokoa hela kidogo, utaishusha gia boksi nzima upya kwa ajili ya kitu kinachotosha kiganjani, na siku hiyo usinitafute.

Tundu la sakafuni la wenzo wa gia litasogea. Kata bati, chomelea, ziba vizuri vumbi lisipande. Kebo ya spidomita iangalie kama inafika. Breki ya mkono kama kwenye gari lako imefungwa nyuma ya transfa, ihakikishe kabla ya kitu kingine chochote, maana huku kwetu hakuna mahali tambarare pa kuegesha.

Na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, weka magogo, weka kuni za bibi kama huna kingine. Hamasa haizuii chuma kuanguka.

Unaona? Hakuna uchawi hapo. Kuna kupima, kukata, kuinua, kufunga. Ni kazi ya watu watatu wenye nia, na wawili tayari unao: wale vijana wanaokaa na wewe pale kijiweni Marangu Mtoni, mnahesabu mabasi ya watalii yanayopanda. Mnaijua ratiba ya mabasi kuliko madereva wake! Akili hiyo ihamishieni mvunguni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hawakuwa na Land Cruiser, lakini walikuona.

Muda je? Muda ndio mali pekee ambayo ukoo hauwezi kukuchangia. Masika yakianza Machi, udongo wa kihambani utateleza na hutaweza kulala chini ya kitu. Julai kahawa inaanza kuiva, kila mkono utatakiwa shambani. Kisha vuli. Kisha Desemba, kaka zako na vikombe vyao, wanagonga bodi. Nafasi yako ni nyembamba na haikungoji. Kila Jumamosi unayoipitisha kijiweni ni Jumamosi ambayo kutu haikupumzika. Kutu inafanya kazi usiku. Kutu haina visingizio. Unataka ikushinde kwa bidii?

Sijui kwa nini ulijiona mdogo namna hiyo. Mtu aliyepanda mteremko wa Kibosho na gunia kichwani akiwa darasa la tano. Mtu aliyefunga redio ya bibi kwa waya wa baiskeli ikaongea. Nguvu unazo, zimelala tu pale zilipolala, na hakuna atakayekuja kuziamsha kwa upole. Mimi mwenyewe nimechoka kuwa mpole.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya giza: mhamishe yule mtetea na mayai yake, taratibu, mtafutie kikapu. Ondoa majani. Azima betri, uiwashe injini, usikilize silinda zote sita. Kisha izime, chukua mafuta ya kulegeza kutu, uingie chini. Propela mbili, ncha mbili kila moja, bolti nne kila ncha. Ni bolti kumi na sita. Zilowanishe zote usiku huu, maana kutu ya miaka inahitaji usiku mzima kulainika, na asubuhi hutaki kuvunja bolti kwa pupa.

Saa 12 alfajiri uwe chini tayari. Anza na nne za difu ya nyuma. Hizo ndizo zilizokula matope zaidi, hizo ndizo zitakazokubishia, na ni vizuri ukutane nazo ukiwa bado hujachoka.

Spana iko wapi?